Mkate Usiopanda Basi

"Mkate wangu haupandi basi." Ndivyo alivyowaambia wateja, na wala hakuwa anatania. Ukifika dukani kwake pale Lushoto na mzigo begani, macho yako yako kituoni, ukamwomba akufungie mikate upeleke Tanga, alikutazama kwanza kuanzia viatu hadi kofia, kisha akakuonyesha benchi. Ukae, ule, ndipo uende zako. Ukikataa kukaa, hakukuuzia. Nimeona watu wazima wenye suti na mikoba wakiachwa na basi kwa sababu ya mkate wa yule mama, na wakirudi wiki inayofuata kukaa tena kwenye benchi lile lile.

Mji mzima tulimwita Mama Tanuri. Mimi nilikuwa fundi cherehani, na duka langu na lake yaligawana ukuta mmoja. Kwa miaka mingi ukuta ule ulinifaa kuliko cherehani yenyewe, maana upande wake wa pili ndipo lilipokaa tanuri la matofali ya udongo. Mwezi wa saba, ukungu unaposhuka kutoka msitu wa Magamba na watu wanatembea wamejikunyata ndani ya makoti, mimi nilikuwa nimeegemeza mgongo ukutani nashona sare za shule kwa raha zangu. Wateja walikuja kupimwa suruali, wakapimwa, wakakataa kuondoka. Siku ambayo Mama hakuoka niliijua kabla sijaketi: ukuta ulikuwa wa baridi, na mimi nilikuwa na hasira mpaka adhuhuri.

Kwa asiyeujua, mkate wenyewe ulikuwa hivi. Unga wa ngano uliokandwa na hamira na siagi kidogo, ukavingirishwa kuwa kamba ndefu, nene katikati na nyembamba nchani. Kamba hiyo ilisokotwa, ncha zake zikarudishwa juu ya tumbo la mkate, ukakaa kama mtu aliyekunja mikono kifuani. Watoto wa shule waliuita mkate wa baridi kwa sababu hiyo, maana hivyo ndivyo wao wenyewe walivyosimama asubuhi kwenye mstari. Sisi wengine tuliuita fundo. Lakini siri haikuwa katika kufunga. Kabla ya kuingia motoni, kila fundo lilitoswa katika sufuria ya maji yanayochemka yaliyotiwa magadi, yale yale ya mawe tunayonunua sokoni kwa ajili ya maharage. Liliogeshwa humo kwa muda wa kuvuta pumzi chache, likaopolewa kwa kijiko cha matundu, likanyunyiziwa chumvi ya mawe, likaingia tanurini. Lilitoka na ganda la kahawia linalong'aa, na ukilipasua, ndani kulikuwa kweupe, laini, kunafuka mvuke. Nimekula vyakula vingi maishani na sina aibu kusema kwamba hakuna kilichowahi kunifurahisha kama fundo la kwanza la asubuhi.

Haikujulikana vizuri alijifunzia wapi. Wateja Walutheri aliwaambia alifundishwa na mama mmoja wa misheni yao. Wakatoliki aliwaambia ni sista. Mimi, kwa kuwa ni Mwislamu, aliniambia ni mpishi mmoja wa Kiislamu aliyewahi kuwapikia Wajerumani, na alisema hayo bila kupepesa macho. Nilipomuuliza itakuwaje akafundishwa na watu watatu mkate mmoja, alijibu, "Fundi, wewe hiyo kazi yako ulifundishwa na mtu mmoja? Basi ndiyo maana suruali zako zinabana."

Alikuwa mkali wa salamu. Kijana akiingia na "mambo" au "habari" kavu, Mama Tanuri aliendelea kukanda kana kwamba ni upepo umeingia. Kijana akitafakari, akasema "Shikamoo Mama," ndipo alipoinua kichwa, akaitikia marahaba ndefu ya furaha kama vile walikuwa hawajaonana mwaka mzima. Kanisani aliimba sauti ya pili, na wanakwaya wenzake walisema hakuna aliyekuwa mpole kama yeye. Mimi huyo mpole sikumfahamu. Wangu alikuwa yule aliyenigongea ukuta kwa mchi kila redio yangu ilipopanda sauti.

Lakini Ramadhani ilipoingia, mama huyo huyo alibadilisha saa za tanuri lake bila kuombwa. Alioka jioni, akatega mkupuo wa mwisho utoke sambamba na adhana ya magharibi, kwa sababu hakutaka jirani yake afuturu kitu kilichopoa. Nilisikia kijiti cha kutolea mikate tanurini kikikwaruza, kisha mlango wangu ukasukumwa kwa goti. Aliweka sahani juu ya meza ya kukatia nguo na kuondoka. Hakusubiri ahsante. Mwaka mmoja nilimfuata mpaka mlangoni nimshukuru ipasavyo, akaniambia, "Unapoteza joto."

Joto ndilo lilikuwa dini yake ya pili. Aliamini kwamba fundo lina uhai mfupi. Likitoka tanurini lina nguvu, likikaa kidogo katika hewa yetu hii ya unyevu, chumvi iliyo juu huanza kuyeyuka na kuacha vijimachozi. "Chumvi ikishaanza kulia," alisema, "huo si mkate tena, huo ni msiba." Ndiyo maana aliwakataza watu kuusafirisha. Alikuwa radhi kuwapa watoto bure kuliko kumuuzia mtu kitu kitakachomfikia mgonjwa wake au mpenzi wake kikiwa kimesinyaa. Mgeni mmoja wa Kizungu, mtalii aliyeshuka kutoka msituni, alikula, akafumba macho, kisha akaanza kueleza kwamba kwao hautengenezwi hivi, kwao magadi ni ya namna nyingine. Nilitafsiri nikiwa na wasiwasi. Mama Tanuri alisikiliza mpaka mwisho. "Mwambie akifika kwao ale wa kwao," akasema. "Huu ni wa Lushoto. Kisha muulize kama anataka mwingine." Alitaka.

Jambo moja lilinishangaza kuliko yote, nalo ni kwamba katika miaka yote ile sikumwona akila. Hata kipande. Alikaa nyuma ya meza, mikono imejaa unga, akakutazama wewe. Alitazama jinsi unavyouvunja, unaanzia wapi, kama umefumba macho au umeangalia barabarani. Ilikuwa vigumu kula mbele ya macho yale mpaka ulipozoea. Na ukimaliza, ole wako useme "mtamu." Alichukia sifa. "Mtamu ni neno la pipi," alisema. "Kila mtu anasema mtamu, halafu humwoni tena. Wewe niambie kesho utakuja." Basi sisi wenyeji tulijua. Tulipangusa chumvi mdomoni, tukainuka kwenye benchi, tukasema, "Kesho nitakuja, Mama." Hapo ndipo uso wake ulipolegea kidogo. Hayo ndiyo yalikuwa malipo aliyoyataka, na hakuna aliyemwona akitamani mengine.

Ila alitamani. Alitaka mkate ule usife naye. Aliniambia mara nyingi kupitia dirisha la nyuma, tulipokuwa tunaanua nguo na magunia: "Fundi, nikienda mimi, huu mji utakula maandazi mpaka lini?" Binti yake wa kumzaa alikuwa muuguzi mbali, mwenye maisha yake, na Mama hakumlaumu. Alihitaji mikono mingine. Na nitasema wazi, kwa kuwa nilimpenda: aliyezuia jambo hilo hakuwa mtu mwingine ila yeye mwenyewe. Walikuja wasichana kutoka kwenye kwaya, wakaja kina mama wa sokoni wanaouza pichesi na kabichi, akaja hata kijana mmoja mstaarabu kutoka Sigi aliyekuwa akipikia wageni wa msituni. Wote niliwasikia kupitia ukutani. Siku ya kwanza ilikuwa ya mafundisho, siku ya pili ya kelele, siku ya tatu kimya, maana mwanafunzi alikuwa ameshaenda. Fundo likiwa limepinda kidogo alilibonyeza kwa kiganja likarudi kuwa donge. "Anza tena." Hakuwa akitukana. Alibonyeza tu, na nadhani hilo liliuma kuliko tusi.

Kisha akaja mtoto wa kaka yake kutoka Bungu. Alikuwa msichana aliyekwisha kukua, mtulivu, mwenye mabega ya kulima, na alimwita Mama Tanuri shangazi kwa sauti ya heshima iliyopita hata matakwa ya shangazi mwenyewe. Huyu alikaa. Wiki zilipita, nikamsikia bado yupo. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo haikuwa kosa lake: alitumia mkono wa kushoto. Alikandia kushoto, akasokotea kushoto, na mafundo yake yalikunja mikono kinyume, wa chini ukawa wa juu.

"Mkono huo haugusi chakula cha watu," Mama Tanuri alimwambia.

"Shangazi, wa kulia hausikii."

"Ufundishe usikie. Hapa watu wanakuja kula, hawaji kutukanwa."

Sisi tulilelewa hivyo, na mimi mwenyewe sijawahi kumkabidhi mteja chenji kwa mkono wa kushoto, basi sikuona ajabu. Nilimwonea huruma tu yule binti, akijitahidi kufunga kwa mkono usiomtii, na shangazi akibonyeza, na yeye akianza tena.

Siku moja kulikuwa na msiba wa mwanakwaya huko Soni. Mama Tanuri akaondoka asubuhi, akamwachia binti kazi ya kukanda unga na kuanza kuoka peke yake kwa mara ya kwanza. Nadhani yule binti alitaka kumfurahisha. Nadhani alitaka, kwa siku moja tu, fundo lake lisibonyezwe. Aliyaona magadi kwenye kopo. Nyumbani kwao, kama nyumbani kwetu sote milimani, magadi kazi yake ni moja: maharage yakiwa magumu unatia kidogo, kisamvu kikiwa kigumu unatia kidogo, yanalainika. Alijua shangazi hutia magadi kwenye maji. Akawaza kwamba akiyatia kwenye unga wenyewe, mkate utakuwa laini zaidi. Akatia, na hakutia kidogo.

Mimi nilisikia harufu kabla ya kuona. Ilipita ukutani, nikadhani kuna mtu anafua. Nilipotoka nje nikamkuta ameshika sinia, na juu yake mafundo ya rangi ya njano kama kiini cha yai, yamejaa mafuta mafuta. Nilionja kwa adabu. Nilitema kwa siri. Kuku wa jirani walidonoa mara moja, wakatazamana, wakaondoka. Samahani nikicheka hata sasa, maana siku ile haikuwa ya kucheka. Mama Tanuri alirudi kutoka msibani na kanga zake nyeusi, akasimama mlangoni, akaangalia sinia.

"Nilitaka ulainike, shangazi," binti akasema. "Nyumbani maharage tunatia magadi yanalainika."

"Hili ni haragwe?"

Binti akainamia sinia.

"Nimekuuliza. Hili ni haragwe? Watu waliokuja leo umewapa nini? Umewapa sabuni kwa mkono wa kushoto." Akavua kanga ya juu, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza. "Kesho panda basi urudi kwa mama yako."

Binti akaondoka. Nilijaribu kusema neno, siku chache baadaye, kupitia dirisha la nyuma. Nilisema kosa lile lingemkuta mtu yeyote aliyezaliwa huku juu, kwamba hata mke wangu angewaza vile. Mama Tanuri alinisikiliza huku akifuta sufuria. "Fundi," akasema, "mimi nimewahi kukufundisha kukata suruali?" Nikafunga dirisha.

Baada ya hapo vidole vyake vilianza kumgomea. Baridi yetu haina huruma na viungo vya watu wazima. Nilimwona akiviweka juu ya mdomo wa tanuri kabla ya kuanza kazi, akivikunja na kuvikunjua, akitikisa kichwa. Kufunga fundo kunataka mkono mwepesi, unarusha kamba juu kidogo na inajisokota yenyewe kabla ya kutua. Sasa kamba ilitua kabla ya kusokotwa. Alibonyeza, akaanza tena, akabonyeza, akaanza tena, ila safari hii hapakuwa na mwanafunzi, alikuwa akijibonyeza mwenyewe. Siku za ukuta wa baridi zikawa nyingi. Niliuegemea kwa mazoea, nikautoka. Niliogopa, na sikuwa na wa kumwambia, maana ungemwambia nani kwamba unalilia mkate?

Mwishowe mimi ndiye niliyehama kwanza. Macho yalianza kuukataa uzi, na binti yangu aliyeko Korogwe akaniita nikakae naye, nikasimamie vijana wanaoshona badala ya kushona mwenyewe. Korogwe kuna joto, mgongo wangu ukafurahi. Mdomo wangu haukufurahi. Nilikula chapati, nikala maandazi, nikawa kila asubuhi nanung'unika mpaka mkwe wangu akasema hajawahi kuona mzee anayechukia maandazi kiasi kile.

Nilirudi Lushoto kwa ajili ya harusi ya mtoto wa rafiki. Asubuhi ya harusi niliteremka mapema kuelekea mtaani kwetu. Kulikuwa na ukungu, na katikati ya ukungu niliona jambo ambalo sikulitegemea. Mama Tanuri alikuwa ameketi kwenye benchi la nje. Benchi la wateja. Alikuwa amejifunga kanga mbili na sweta, mikono ameificha kwapani.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, Fundi. Umenenepa. Kaa."

Nikakaa. Mlango wa duka ulikuwa wazi, na ndani nilisikia mtu akitembea, na kuni zikipasuka.

"Nani yuko ndani?"

"Yule wa Bungu."

Akaniambia mwenyewe, akitazama viatu vyake: "Mkate wangu ulipanda basi, Fundi."

Nilimwomba ruhusa nikaingie kumsalimu binti, na ni yeye aliyenisimulia yaliyobaki, kwa sauti ya chini, akikanda. Shangazi yake alifika Bungu jioni, amelowa. Alikuwa ameshuka mpaka Mombo, akaenda Korogwe, akapanda tena milima, na kifuani amekumbatia mafundo aliyoyafunga kwa kanga.

"Alinifungulia kanga hapa, magotini," binti alisema. "Yalikuwa yamepinda yote. Chumvi imeyeyuka, yameshikamana. Hakusema samahani. Alisema, 'Mkate umepoa. Kula hivyo hivyo.' Nikala. Halafu akanyoosha mikono mbele ya mama yangu, ikawa haikunjuki. Akasema, 'Hii imekwisha. Nipeni huyo wa kushoto.'"

Nilibaki nimesimama pale na machozi yakinitoka, mzee mzima, na sikuyafuta. Nilielewa vizuri alichokuwa amefanya. Mwanamke aliyewaacha watu wenye suti wakose basi alikuwa amekaa siku nzima kwenye basi na mkate mbovu kifuani, ili amwonyeshe mtoto wa kaka yake kwamba mafundo ya shangazi pia yanapinda.

"Na leo?" nikauliza. "Mbona amekaa nje?"

"Leo ni siku yangu ya kwanza peke yangu tangu nirudi." Alitazama sufuria ya magadi ikichemka mahali pake. "Ameniambia hataingia."

Nikarudi kwenye benchi. "Kwa nini huingii, Mama?"

"Nikiingia nitasema."

Tukakaa. Ukungu ulipita barabarani mbele yetu. Watu walitusalimu, wakamshangaa yeye kukaa pale, naye akawaitikia kama mteja yeyote anayengoja. Kijiti cha tanuri kikakwaruza. Muda si mrefu binti akatoka na sahani. Aliishika kwa mkono wa kulia, akapiga goti kidogo, akamkabidhi shangazi yake, kisha akarudi nyuma mpaka mlangoni, akasimama.

Fundo lilikuwa moja tu, kubwa, la kahawia, linafuka. Mikono ya fundo ilikuwa imekunjwa kinyume. Mama Tanuri aliligeuza upande huu na upande huu. Niliona kiganja chake kikikaa juu yake, na kiganja kile nilikijua. Hakikubonyeza. Kilikaa pale kikiota joto.

Kisha akalivunja, akala. Alianza na mkono mwembamba, ule mgumu kidogo, akatafuna polepole, akaendelea na tumbo. Hakufumba macho wala hakunitazama. Mlangoni binti alikuwa amesimama na unga mpaka kwenye viwiko, akimtazama usoni, bila kupepesa, jinsi yeye alivyotutazama sisi sote miaka ile yote. Mimi sikupewa kitu na sikuomba.

Alimaliza. Akaokota chembe ya mwisho ya chumvi kwenye sahani kwa kidole kisichokunjuka vizuri, akaila pia. Akapangusa kanga, akashika bega langu, akainuka. Mama huyu anaishi nyuma ya tanuri lenyewe, kitanda chake na moto ule vinatengana kwa mlango mmoja. Alimrudishia binti sahani.

"Kesho nitakuja," akasema.